Mwaka Niliojitia Wema

Juzi binti yangu alifunga nyama ya ng'ombe kwenye majani ya mpapai ili ilainike kabla ya kuibandika motoni. Alipoyaponda yale majani kwa kiganja, harufu yake mbichi na chungu ikanifikia barazani, nilikokuwa nimekaa nachambua mchele. Nikaweka ungo chini. Binti yangu akachungulia akaniuliza, "Mama, vipi tena?" Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Akaangalia jiko, ambalo hata kuwashwa lilikuwa halijawashwa, akaniangalia mimi, akarudi kwenye nyama yake. Ana adabu yule mtoto.

Jambo lenyewe sijawahi kumsimulia hata yeye. Nawasimulia nyinyi kwa sababu hamnijui, na mtu asiyekujua huwa hakuonei huruma ya kuudhi.

Wakati wa vita vya Kagera sabuni ilitoweka Mafia nzima. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, huko juu kabisa ya nchi, mahali ambapo sisi watu wa Utende tulipajua kwa jina tu, lakini vilitufikia mpaka jikoni. Sukari ikaenda, mafuta ya taa yakaenda, khanga mpya ikawa hadithi. Chai tulikunywa na kipande cha muwa: unatafuna muwa, unapiga funda. Nguo tulifulia majani ya mpapai, unayaponda kwenye beseni mpaka maji yatoe povu jembamba la kijani, na shuka zetu zote zikanuka hivyo, na madaftari yetu, na mikono ya mama. Taa tuliwasha kwa mafuta ya nazi na utambi wa kitambaa. Mgambo mmoja akapita nyumba kwa nyumba kutuagiza tuzifunike, ndege za adui zisije zikatuona. Bibi akamjibu, "Baba, taa hii mimi niliyekaa nayo hapa siioni, ataiona aliyeko mawinguni?"

Bibi huyo alikuwa mama yake baba, na macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Sisi tulikuwa wageni nyumbani kwake, ingawa baba alizaliwa mle ndani. Baba alikuwa mwalimu wa dini. Jumuiya iliyomsomesha ilikuwa inamtuma ng'ambo kufundisha na kulingania, miaka kadhaa hapa, miaka kadhaa pale, na sisi tukifuata nyuma yake na masanduku. Kwanza tulipelekwa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Nilikwenda nikiwa na miaka minne, na mdogo wangu Hamidi alizaliwa huko huko. Mambo ya Ngazija yalipochafuka tukarudi Mafia kungoja kupangiwa kwingine. Tulikuwa hatujamaliza hata kufungua mizigo, vita vikaanza, na kungoja kwa mwezi mmoja kukawa kungoja kwa mwaka.

Ngazija mama hakuwa na ndugu wala shoga. Alikuwa na mimi. Lugha ya kule tulijifunza pamoja, sokoni na kwa majirani, tukikosea pamoja na kuchekwa pamoja, mpaka ikawa kama lugha yetu wawili, maana baba alishinda msikitini na Hamidi alikuwa hajajua kusema. Hata tuliporudi Utende, kila asubuhi mama alinisalimia kwa salamu ya huko, "Jeje?" nami nikamjibu, "Njema," halafu tunacheka bila sababu. Bibi hakupenda. Si kwamba alikuwa mkali, la, ila alikuwa mtu wa kutaka kusikia kila neno linalosemwa ndani ya nyumba yake, na lugha ile ilimfungia mlango. Alikuwa akiguna tu kidogo. Mama akisikia yale maguno alikuwa anainama zaidi kwenye kazi yake.

Basi ikaja barua. Baba aliisoma barazani baada ya sala ya alasiri, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti ili mama asikie kutoka ukumbini. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango namtoa kuku chawa, kazi ambayo haina haja ya mtu kuwa nyuma ya mlango. Safari hii ni Bukini, ndivyo wazee wetu walivyoiita Madagaska. Kazi ni ya miaka mitano. Nyumba ya mwalimu ni chumba kimoja, shule ya watoto haipo karibu, kwa hiyo jumuiya inamshauri aende na mkewe na mtoto mmoja.

"Mtoto mmoja," mama alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Na mwingine?"

Nikasikia baba akiikunja ile barua, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka nadhani ikawa ndogo kama hirizi.

Mtu mzima angeelewa pale pale kuwa atakayekwenda ni mtoto wa miaka mitatu, kwa kuwa hawezi kuachwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa mwanafunzi wa baba. Chuoni kwake, alikotufundisha Kurani, kulikuwa na desturi moja tuliyoijua sote: vijiji vya wenzetu vikialika maulidi, baba huchagua watoto wachache wa kwenda naye, na huchagua wanaosoma vizuri na wenye adabu. Wavivu na watundu hubaki. Hivyo ndivyo dunia ya baba ilivyokwenda. Anayestahili ndiye anayechukuliwa. Nikampima Hamidi. Hajui alifu wala be, analia ovyo, anakojoa mkekani, na juzi tu alikuwa ametumbukiza kobazi ya baba kisimani ili aone kama inaogelea. Nikaona kazi si kubwa. Nikaazimia kuwa mtoto mwema kuliko watoto wote wa Mafia.

Tena nilikuwa na akili, hilo silifichi, na ndiyo iliyoniponza. Nilijua baba hashindi nyumbani, kwa hiyo hawezi kuuona wema wangu mwenyewe. Ila kila jioni anakaa na mama yake, anamuuliza habari za mchana, na neno la mama yake kwake ni amri. Kwa hiyo wema wangu wote nikaupeleka kwa bibi.

Nikaamka kabla ya watu, nikafagia uwanja, nikachota maji, nikampelekea ya kutawadha yakiwa na uvuguvugu. Nikahamisha mkeka wangu kutoka chumba cha mama nikaenda kulala miguuni pa bibi, nimkande magoti. Bibi alikuwa anasuka ukili wa mikeka, na kwa kuwa macho yalimsaliti, nikamchagulia miyaa, hii nyeupe, hii iliyotiwa rangi, nikiiweka upande wake wa kulia kwa mpango ambao vidole vyake viliuzoea. Nikamshika mkono kwenda msibani na harusini. Bibi akanipenda mpaka utani ukazidi, akawa ananiita "mke mwenzangu" na kunilalamikia kuwa nimemwibia mume, babu yangu ambaye alikuwa kaburini tangu sijazaliwa. Kila jioni nilikaa karibu ya baraza kusikiliza kama ripoti inafika. Ilikuwa inafika.

Na ile salamu ya Kingazija nikaiacha. Bibi asiyeipenda atasemaje mbele ya baba kwamba mjukuu wake ana adabu? Asubuhi moja mama alikuwa anakuna nazi uani, akaniona natoka chumbani kwa bibi, uso wake ukafunguka. "Jeje?" akasema.

"Shikamoo, mama," nikajibu, kwa sauti ya kufika ndani.

Mama aliinamia tena nazi yake. "Marahaba," akasema. Hakunisalimia tena kwa lugha yetu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ameelewa haraka.

Siku moja baba alikuja na habari kwamba safari imekaribia. Nilikuwa ukumbini namtungia bibi uzi kwenye sindano. Baba akamuuliza mama yake atakaaje peke yake tukiondoka. Bibi akanishika bega, akasema, "Mimi nina wasiwasi gani? Huyu mtoto ndiyo macho yangu." Nilihesabu kuwa nimeshinda, kwamba hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Hata sindano ilinichoma nisisikie.

Kesho yake mama aliniita twende kisimani kufua, mimi na yeye tu. Ilikuwa muda mrefu hatujawa wawili. Tuliponda majani ya mpapai mpaka viganja vikawa kijani, akafua, nikasuuza. Alikuwa anafua shuka moja tu, juu chini, juu chini, ilhali ilishatakata. Ghafla akaniuliza bila kuniangalia.

"Hawa, unampenda bibi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Unampenda sana?"

Nikaona huu ndio mtihani wenyewe. Nikaona baba ndiye aliyemtuma aniulize. Nikajibu kama ninavyojibu chuoni, kifua mbele, "Nampenda kuliko watu wote."

"Kuliko wote."

"Ndiyo. Nataka niwe naye siku zote." Hili la mwisho niliongeza mwenyewe, kama mwanafunzi anayejitia kimbelembele akasoma aya ambayo hakuulizwa.

Mama aliikamua ile shuka. Aliikamua mpaka haikutoa tone, akaendelea kuikamua. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akaitupa kwenye beseni, na tukarudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma.

Wiki ile mama akakata gauni lake la kitenge, gauni pekee zuri alilorudi nalo kutoka Ngazija, akanishonea mimi. Nguo mpya mwaka ule! Watoto wa jirani walikuja kuigusa. Hamidi hakushonewa kitu, nikamwonea huruma kidogo, huruma ya mshindi. Lakini gauni lilikuwa kubwa. Mikono ilifika kwenye vidole, na pindo la chini lilikuwa limekunjwa mara tatu, nene kama mshipi. "Mama, kubwa," nikamwambia. Alikuwa na sindano mdomoni, akaitoa. "Utalikulia. Ukiona linakuwa fupi, fumua mkunjo mmoja. Bado kutakuwa na mwingine." Akanifundisha kufumua. Nami nikamwangalia tu, nikishangaa kwa nini kazi hiyo nifundishwe mimi na yeye atakuwepo.

Siku ya safari ilifika katika siku zile ambazo redio ilikuwa inatangaza ushindi, na watu wa Utende walikuwa wanacheka hata na wasiowajua. Lori la mbata lilikuwa linangoja barabarani kuwapeleka wasafiri bandarini Kilindoni. Kwetu mtu haendi safari ndefu bila kupitishwa chini ya Msahafu. Baba mdogo alisimama mlangoni ameuinua juu kwa mikono miwili, na bibi akakaa kando kwenye kibao, ili kila anayepita ainame na yeye amguse kichwa na kumsomea dua ya kwenda salama na kurudi salama. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani. Alipita baba, bibi akamjua kwa kofia. Akapita mama, amejifunga buibui mpaka chini ya macho. Akapita Hamidi, analia. Nikapita mimi na gauni langu, kibegi changu cha nguo nimekikumbatia, maana niliona watu wazima wamesahau kukipakia.

Mkono wa bibi ukashuka kichwani kwangu. Vidole vikaenda kwenye nywele, kwenye mistari aliyoisuka yeye mwenyewe juzi yake. Vikasimama.

"Ah! Mke mwenzangu," akasema, "wewe unapita uende wapi?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka mtoto anapofuata jeneza akidhani ni harusi. Nami nikacheka, kwa kuwa walikuwa wanacheka. Nikamtazama baba. Baba akasema, "Hawa, si unabaki na bibi? Mama yako hakukwambia?" Baadaye sana nilijua kwamba kila mtu alidhani mwenzake ameniambia. Bibi alidhani nimeambiwa na baba, baba alidhani na mama, na mama alidhani mimi ndiye wa kwanza kujua. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameshafika kwenye lori, ameketi mbele na Hamidi mapajani, na ameipa nyumba kisogo. Hakugeuka. Lori likaondoka na yeye hajageuka.

Sikulia mbele za watu. Nilijipa moyo kuwa wataniona sikulia, watasema mtoto gani huyu mwenye adabu, warudi kunichukua. Bibi akanizuia nisifagie mpaka jua lizame, kwa kuwa nyumba aliyoondoka msafiri haifagiliwi siku hiyo. Kwa hiyo sikuwa hata na kazi ya kushika. Nilikaa kwenye kibao nikiangalia nyayo zao mlangoni, za baba, za mama, zile ndogo za Hamidi, na zangu juu yao.

Miaka mitano ikawa tisa, maana kutoka Bukini walipangiwa kwingine. Barua zilikuja moja moja. Nilifumua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi alikuwa kipofu kabisa nilipofika miaka kumi na mbili, na sikumwacha, na ule wema niliojitia ukawa wa kweli bila mimi kujua siku gani. Nilimpenda. Alinifia mikononi. Lakini nilimpenda kama mtu anavyopenda chakula alichopewa baada ya kile alichokitaka kuliwa na wengine.

Wazazi waliporudi nilikuwa binti wa kuposwa. Mama alishuka na Hamidi mrefu asiyejua Kiswahili vizuri, nami nikampa shikamoo, nikampokea mzigo, nikamwekea maji ya kuoga. Nilimtendea yote anayotendewa mgeni mheshimiwa. Aliniuliza mambo, nilimjibu. Hatukugombana hata siku moja, na sasa naona ingekuwa heri tungegombana. Niliolewa, nikazaa, nikampelekea wajukuu kila Idi. Moyoni nilikuwa na neno moja tu nililolifuga miaka yote, kwamba mama yangu alichagua, na hakunichagua mimi.

Mwaka juzi aliugua. Baba alikuwa ameshatangulia, na Hamidi yuko bara na kazi zake, basi mama nikamleta kwangu. Mgonjwa na muuguzi huzoeana upya, hata kama ni kwa shida, kwa kuogeshana na kulishana. Siku moja mchana, nikiwa nampaka mafuta ya nazi miguuni, akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatizwa jana.

"Unajua nilimgomea baba yako? Nilimwambia mtoto mmoja siendi. Tutalala wanne chumba kimoja, tutabanana, Hawa tutamfundisha wenyewe. Akakubali. Alikuwa ameshawaandikia wale wa jumuiya."

Mikono yangu ikasimama.

"Halafu nikakuona unavyomganda bibi yako. Hata kulala ukahama. Hata kuniitikia ukaacha. Nikasema, huyu mtoto nimemhangaisha na masanduku tangu mdogo, sasa amepata mahali pake, nimng'oe tena kwa ajili ya raha yangu? Nikakuuliza pale kisimani. Nilitaka unijibu vingine." Akapumua. "Siku ile ya lori nilishindwa kugeuka. Ningekuona, ningeshuka."

Nina miaka zaidi ya hamsini, wenzangu, nina wajukuu. Lakini nilikuwa pale kitandani nikiwa na miaka tisa na kibegi mkononi. Kumbe mama alikuwa amenichagua mapema kabisa, kabla sijafagia uwanja hata mara moja. Kumbe nafasi niliyokuwa naipigania kwa wema wote ule ilikuwa yangu tayari, na kila ndoo niliyochota ilinisogeza nje yake. Na yeye miaka yote alidhani ameachwa na mimi, kama mimi nilivyodhani nimeachwa na yeye, tukapeana shikamoo na marahaba mpaka mvi zikatuota.

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa limeshanifika kooni. Ndipo akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Lakini ulikuwa na raha pale kwa bibi, sivyo? Nilifanya sawasawa?"

Uso wake ulikuwa unangoja.

"Nilikuwa na raha sana, mama," nikamwambia. "Ulifanya sawasawa."

Akasema, "Alhamdulillahi," akafumba macho, akaomba maji. Nilimnywesha kwa kijiko, nikampangusa kidevu, nikamfunika miguu. Kisha nikaenda nyuma kabisa ya nyumba, kwenye minazi, kulia mahali ambapo asingenisikia.